Daktari aliyeushtaki mkate

Mkate ni chakula chenye heshima kubwa duniani. Vitabu vya dini vinautaja, serikali zimetikisika kwa kukosekana kwake, na hata sisi ambao mababu zetu hawakulima ngano, tunapomzungumzia mtu anayehangaikia riziki husema kwamba anatafuta mkate wake wa kila siku. Kwa hivyo, si jambo dogo mtu kusimama mbele ya wataalamu wenzake akadai kwamba mkate huo huo ndio unaowaua watoto fulani. Aliyethubutu kufanya hivyo, tena akathibitisha, alikuwa Willem Karel Dicke, daktari wa watoto wa Uholanzi aliyefariki mwaka wa 1962. Maisha yake ndiyo ninayokusudia kuyasimulia leo, hasa kwa manufaa ya walimu na wanafunzi.

Huenda msomaji akauliza mwanaisimu ana lipi la kusema kuhusu matabibu. Kilichonichochea ni piza. Si zamani sana nilikaa mezani katika mkahawa mmoja jijini Nairobi pamoja na wenzangu kadhaa na mgeni wetu, mtafiti wa lugha kutoka Ulaya. Sote tuliagiza piza. Mgeni akaomba yake isitengenezwe kwa unga wa ngano, kwa kuwa ana ugonjwa uitwao seliaki. Mhudumu, kijana mwenye adabu zake, aliitikia vizuri, akaenda, akarudi na piza isiyo na nyama. Mgeni alipoeleza mara ya pili, kijana yule akajitolea kumwondolea jibini na nyanya zilizokuwa juu na kumwekea katika sahani nyingine, ule mkate wa chini ubaki. Baadhi ya waliokuwa mezani walicheka. Mmoja alininong'oneza kwamba Wazungu wamezidi kudeka. Mgeni alikula papai, akanywa chai ya rangi, nasi tukaendelea na piza zetu.

Sikuona kudeka pale. Niliona mtu aliyekuwa akilinda uhai wake kwa maarifa ambayo gharama yake wengi wetu hatuijui. Hebu tuitazame gharama hiyo.

Ugonjwa wenyewe ni wa kale. Aretaeus wa Kapadokia, tabibu aliyeandika kwa Kigiriki yapata miaka 1,900 iliyopita, aliueleza na kuupa jina lililotokana na neno koilia, yaani tumbo. Baada yake ulisahaulika kwa karne nyingi. Mwaka wa 1887, Samuel Gee, daktari wa Kiingereza, aliutolea mhadhara katika hospitali ya watoto ya Great Ormond Street, London, na mwaka uliofuata maelezo yake yakachapishwa. Aliwaona watoto waliokuwa wakistawi vyema mpaka walipoachishwa ziwa na kuanza kula vyakula vya kawaida. Hapo ndipo walipoanza kuhara, kinyesi chao kikawa kingi, cheupe na chenye mafuta; tumbo likafura, mikono na miguu ikakonda, uchangamfu ukawatoka. Gee alihisi kwamba tiba, kama ipo, imo katika chakula. Alisimulia hata habari za mtoto mmoja aliyelishwa kome wa Uholanzi kila siku akanawiri, kisha akaugua tena msimu wa kome ulipokwisha. Hata hivyo, katika vyakula alivyoviruhusu alitia vipande vyembamba vya mkate uliochomwa. Alikuwa amefika mlangoni, ila hakuingia.

Waliomfuata nao walipapasa gizani. Mwaka wa 1924, Sidney Haas wa New York alitangaza kwamba amewaponya watoto wanane kwa kuwalisha ndizi. Habari hizo zilienea kote, na ndizi ikawa dawa. Kumbe ndizi haikuwa na miujiza yoyote! Katika orodha yake ya vyakula Haas alikuwa amepiga marufuku mkate, biskuti na nafaka. Watoto walipona kwa sababu ya kile ambacho hawakukila, ilhali sifa zote zilikiendea kile walichokila. Hili ni funzo ambalo mwalimu yeyote wa sayansi anaweza kulitumia darasani: dawa inaweza kufanya kazi huku maelezo yake yakiwa batili. Wakati huo huo, wasiopata mlo huo waliendelea kufa. Taarifa iliyochapishwa London mwaka wa 1939 kuhusu wagonjwa 73 ilionyesha kwamba karibu thuluthi moja walikuwa wamefariki.

Katika mazingira hayo ndimo alimoingia Dicke. Alizaliwa Dordrecht, Uholanzi, mwaka wa 1905. Alisomea udaktari katika mji wa Leiden kuanzia mwaka wa 1922 hadi 1929, kisha akajifunza uganga wa watoto katika hospitali ya Juliana iliyokuwa The Hague, mji ambao Mkenya wa leo anaujua zaidi kwa sababu ya mahakama yake. Mwaka wa 1936, akiwa na umri wa miaka 31 tu, alikabidhiwa uongozi wa hospitali hiyo. Katika wodi zake walikuwamo watoto wa seliaki, ambao walilazwa kwa miezi mingi, wakaenda nyumbani wakiwa na nafuu, kisha wakarudishwa wakiwa mifupa mitupu.

Walio karibu naye walisimulia baadaye kwamba mojawapo ya mambo yaliyomfungua macho lilikuwa neno la mama mmoja kijana. Mama huyo alikuwa amegundua kwamba upele wa mwanawe mgonjwa ulipungua haraka kila alipoacha kumpa mkate. Tafakari, msomaji, ni mara ngapi neno kama hilo hutamkwa katika vyumba vya madaktari, au katika ofisi za walimu wakuu, na kupuuzwa kwa kuwa aliyelitamka hana shahada. Dicke hakulipuuza. Wala hakulikubali vivi hivi tu, maana kumsikiliza mtu si sawa na kukubali kila asemalo. Alilichukua neno la mama yule kama swali, akaanza kulitafutia jibu. Katikati ya miaka ya 1930 alianza kuwapa baadhi ya wagonjwa wake mlo usio na ngano na kuangalia mwenendo wao. Mwaka wa 1941 alichapisha makala katika jarida la kitabibu la Uholanzi, akipendekeza mlo mwepesi kwa wagonjwa hao, mlo usio na mkate wala biskuti.

Tarehe hiyo ya 1941 ni muhimu, nami namwomba msomaji aishike, kwa sababu kuna simulizi maarufu inayoelekea kuifuta.

Simulizi yenyewe ni hii. Mnamo Septemba 1944 wafanyakazi wa reli wa Uholanzi waligoma ili kuyasaidia majeshi yaliyokuja kuikomboa nchi yao. Wajerumani waliokuwa wakiitawala wakalipiza kisasi kwa kuzuia chakula kisifike katika miji ya magharibi. Majira ya baridi yaliyofuata yalikuwa ya njaa isiyo kifani. Watu wapatao 20,000 walikufa. Wengine walipika mizizi ya maua ya tulipu, ile inayofanana na vitunguu. Mkate uliadimika. Ndipo, kwa mujibu wa simulizi, Dicke alipoona ajabu: wakati watoto wengine walidhoofika, wale wa seliaki walipata nafuu, na mkate uliporejea baada ya ukombozi, wakaugua upya. Hapo, tunaambiwa, siri ikafichuka.

Ni kisa kitamu, na sehemu yake kubwa ni kweli. Njaa ile ilimpa Dicke ushahidi mzito ambao hakuna daktari mwenye utu angeweza kuupanga. Lakini si kweli kwamba wazo lilizaliwa katika njaa hiyo. Alikuwa nalo karibu miaka kumi kabla yake, na alikuwa ameliandika miaka mitatu kabla yake. Njaa ilimkuta Dicke akiwa na swali mkononi. Madaktari wengine wa miji ile waliiona njaa ile ile, na watoto wale wale, lakini wasingeweza kusoma maana ya walichokiona.

Kwa nini basi tunaipenda zaidi ile simulizi ya bahati? Nadhani ni kwa sababu inatupunguzia kazi. Tukimwambia mwanafunzi kwamba Newton aliona tunda likianguka, na Archimedes akaruka kutoka katika maji ya kuoga, tunamfanya adhani kwamba elimu ni umeme unaompiga mtu aliyebahatika. Mwanafunzi huyo atakaa akingoja umeme. Hatumwambii habari za miaka ya kupima, kuandika, kukosea hesabu na kuanza upya. Nawaomba walimu wenzangu wanaposimulia kisa cha Dicke, waanze na mama yule na makala ya 1941, ndipo waifikie njaa. Mpangilio wa matukio ni sehemu ya ukweli.

Vita vilipokwisha, Dicke alirudi katika kazi ya polepole. Aliwafuata watoto wachache kwa miaka kadhaa, akiwapima uzito na urefu. Ngano ilipoondolewa katika mlo, mtoto alikua. Iliporudishwa, aliharisha, hamu ya kula ikamtoka na uzito ukashuka. Aliyakusanya matokeo hayo katika tasnifu yake ya uzamifu aliyoiwasilisha katika Chuo Kikuu cha Utrecht mwaka wa 1950. Hakuwa kijana tena. Alikuwa na miaka 45, na mkurugenzi wa hospitali kwa miaka mingi. Wale wanaodhani kwamba kurudi katika usomi ukiwa na mvi ni aibu na wamtazame huyu.

Hata hivyo, uzito wa mtoto unaweza kupanda au kushuka kwa sababu nyingi, naye Dicke alilijua hilo. Alihitaji kipimo kisichobishaniwa. Alikipata kwa kushirikiana na J.H. van de Kamer, mwanakemia wa Utrecht aliyekuwa amebuni njia ya kupima kiasi cha mafuta yaliyomo katika kinyesi. Kazi hiyo haina fahari yoyote, lakini ndiyo iliyotoa jibu. Ukijua mafuta aliyoyala mtoto na mafuta yaliyotoka, utajua ni kiasi gani kilichofyonzwa na utumbo. Pamoja na daktari mwenzao, H.A. Weijers, waliitenganisha ngano katika viungo vyake na kuvijaribu kimoja kimoja. Wanga wa ngano haukudhuru. Kilichodhuru kilikuwa protini yake, inayoitwa glutini. Shayirirai, nafaka ijulikanayo Ulaya kwa jina la rai, ilidhuru pia. Mwaka wa 1952 watafiti wa Birmingham, Uingereza, walichapisha matokeo yaliyounga mkono hoja ya ngano, na mwaka wa 1953 Waholanzi wale watatu wakachapisha makala zao kwa Kiingereza. Mkate ulikuwa umepatikana na hatia.

Hapa naomba nirudi kidogo katika taaluma yangu, maana neno glutini lenyewe linaeleza mengi. Asili yake ni Kilatini, na maana yake ni gundi. Mtu aliyewahi kukanda unga wa chapati anaijua gundi hiyo hata kama hajui jina lake. Ndiyo inayolifanya donge linyumbuke bila kukatika, na ndiyo inayoshika hewa ndani ya mkate ukaumuka. Mpishi wa piza anaweza kulitandaza donge likawa jembamba kama ngozi ya ngoma kwa sababu ya glutini. Ukikanda unga wa mchele au wa mahindi, donge litakatika mikononi mwako. Ndiyo sababu piza isiyo na glutini ni kazi ngumu: mpishi hana budi kuchanganya unga wa mchele, mahindi, viazi au muhogo, kisha atafute kitu kingine cha kuushikanisha.

Na si unga pekee unaomsumbua. Kwa mgonjwa wa seliaki, glutini inapofika katika utumbo mwembamba, kinga ya mwili huushambulia utumbo wenyewe. Vile vijidole vidogo mno vinavyofyonza chakula husinyaa, na chakula hupita bila kumfaa mlaji. Kiasi kidogo sana chatosha kuleta madhara. Meza iliyokandiwa unga wa ngano asubuhi, kisu kilichokata piza ya jirani, vumbi la unga katika tanuri, vyote ni hatari. Viwango vya kimataifa vya vyakula vilivyorekebishwa mwaka wa 2008 vinataka chakula kinachoitwa kisicho na glutini kisizidi miligramu 20 za glutini katika kila kilo. Sasa msomaji anaelewa kwa nini mgeni wetu asingeweza kula nyanya na jibini zilizobanduliwa juu ya mkate.

Dicke mwenyewe hakuishi kuyaona mengi kati ya haya. Mwaka wa 1957 alikuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Utrecht na kiongozi wa hospitali ya watoto ya Wilhelmina katika mji huo. Maradhi yalimkatiza kazi, akafariki Aprili 1962 akiwa na umri wa miaka 57. Wataalamu wa magonjwa ya tumbo wa Uholanzi waliasisi medali ya dhahabu yenye jina lake. Hakuwa amegundua dawa ya kuuzwa, hakuwa na hataza wala kampuni. Alichowaachia wagonjwa ni orodha ya vyakula vya kuepuka, na orodha hiyo bado ndiyo tiba mpaka leo. Sayansi imeongeza mengi juu ya msingi wake: watafiti wa Ujerumani walitambua mwaka wa 1997 kile hasa ambacho kinga ya mgonjwa hukishambulia mwilini, na leo damu ikipimwa huweza kuonyesha dalili za ugonjwa kabla ya utumbo kuchunguzwa. Lakini mgonjwa akitoka hospitalini, huambiwa lile lile aliloambiwa na Dicke: aache ngano, shayiri na rai, maisha yake yote.

Baadhi ya mataifa yamelichukulia jambo hili kwa uzito unaostahili. Italia, nchi ya piza na tambi, ilipitisha sheria mwaka wa 2005 inayozitaka shule na hospitali zinazoandaa chakula kumpa mgonjwa wa seliaki mlo unaomfaa akiuomba. Maelfu ya mikahawa huko hupika piza zisizo na glutini, na wahudumu wake wamefundishwa maana ya ombi hilo.

Sisi je? Wapo wanaosema huu ni ugonjwa wa Wazungu. Hawana habari za Afrika. Mwaka wa 1999 ilichapishwa taarifa kuhusu watoto wa Kisahrawi, jamii ya Sahara Magharibi, iliyoonyesha kwamba zaidi ya 5 katika kila 100 walikuwa na ugonjwa huu, kiwango kikubwa kuliko vyote vilivyokuwa vimeripotiwa. Ulimwenguni kwa jumla hukadiriwa kuwa ni mtu 1 katika kila 100. Jamii yetu ilikuwa na kinga ya desturi, kwa kuwa vyakula vyetu vya asili havina glutini: ugali wa mahindi, wimbi na mtama, githeri, muhogo, viazi vitamu, ndizi, wali. Lakini desturi zinabadilika. Chapati, mandazi, mkate na sasa piza vimekuwa chakula cha kawaida mjini, na mashambani pia havikosekani.

Fauka ya hayo, dalili za ugonjwa huu kwa mtoto hufanana na zile za utapiamlo: tumbo kufura, kuhara kusikokoma, kukonda, kudumaa. Huruma yetu yenyewe yaweza kutupoteza. Mtoto wa namna hiyo tukimwona hatutamwuliza anakula nini, tutamwongezea mkate. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na mara nyingine ki sahanini mwako.

Sisemi kila mtoto mwenye kuumwa tumbo aondolewe chapati. La hasha. Ngano haiwadhuru watu wengi wasio na ugonjwa huu, na madaktari huonya kwamba mtu asiache ngano kabla ya kupimwa, kwa sababu vipimo huenda visionyeshe kitu baada ya yeye kuiacha. Ninachosema ni kwamba mzazi akija shuleni akaeleza kwamba chakula fulani kinamdhuru mwanawe, mwalimu amsikilize na kumwelekeza kwa daktari. Mwanafunzi anayekataa mandazi ya saa nne asichekwe. Na wenye mikahawa wawafundishe wahudumu wao kuuliza badala ya kukisia.

Aidha, sisi wa lugha tuna deni letu. Yule kijana aliyetuhudumia hakuwa na ubaya wowote, alikosa neno. Mtu akikosa jina la kitu, ni vigumu kukihesabu kuwa kipo. Neno glutini limekwisha kuingia katika Kiswahili, ila halijashuka kutoka vitabuni hadi jikoni. Likifika huko, pamoja na maelezo yake kwamba ni ile gundi ya ngano inayoushika mkate, mgonjwa ataweza kuagiza chakula chake mbele za watu bila kuonekana kichekesho. Walimu wa Kiswahili na walimu wa sayansi wanaweza kulianza jambo hili katika kipindi kimoja tu cha dakika arobaini, kwa donge la unga wa chapati na donge la unga wa ugali, kila mwanafunzi akivuta na kuona lipi linakatika.